Kufundisha aina za plastiki na urejelezaji wake: njia nne kwa walimu wa Tanga

Mwalimu wa sayansi au wa jiografia anayetaka kufundisha aina za plastiki katika shule ya Tanga hakosi vifaa. Chupa za maji zimelala katika mitaro ya Ngamiani, madumu ya mafuta yapo karibu katika kila jiko, na ufukwe wa Raskazone hauko mbali na shule nyingi za mjini. Kinachomkwamisha ni kuchagua, kwa kuwa vipindi ni vichache, darasa lina wanafunzi sitini au zaidi, na kila njia anayoshauriwa husifiwa kana kwamba inatosha peke yake.

Njia zinazotumika zaidi ni nne. Ya kwanza ni meza ya nambari, ambapo wanafunzi huleta plastiki kutoka nyumbani na kuzipanga kwa kufuata nambari 1 hadi 7 zilizochapwa kwenye vitako. Ya pili ni beseni la maji, ambapo vipande vya plastiki huzamishwa ili ionekane kipi kinaelea na kipi kinakwenda chini. Ya tatu ni matembezi ya ufukweni ya kuokota na kuhesabu taka. Ya nne ni ziara katika yadi ya mnunuzi wa plastiki chakavu.

Ipo njia ya tano, ya kuchoma kipande na kukitambua kwa rangi ya mwali na harufu ya moshi, ambayo imo katika baadhi ya miongozo ya maabara, lakini nimeiacha nje kwa makusudi. PVC, yaani plastiki ya mabomba, ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo hugeuka kuwa asidi inapokutana na unyevu wa macho na wa koo, na darasa la shule si mahali pa jaribio la namna hiyo.

Vigezo vya ulinganisho

Nimezilinganisha njia hizi kwa maswali matano: mwanafunzi anajifunza nini hasa, vifaa na gharama ni kiasi gani, muda na ukubwa wa darasa vinaruhusu nini, usalama ukoje, pamoja na heshima ya watu wanaohusika, na ni dhana gani potofu ambayo somo linaweza kuiacha kichwani mwa mwanafunzi. Hiki cha mwisho hakitajwi sana, lakini kwangu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu kila moja ya njia hizi, hata ikifundishwa vizuri kabisa, ikisimama peke yake hufundisha pia jambo moja ambalo si kweli.

Chanzo cha hali hiyo ni kwamba somo lenyewe limebeba maswali mawili yanayofanana kwa sura tu. Swali la kwanza, yaani hii ni plastiki ya aina gani, ni swali la kemia, na jibu lake halibadiliki ukiwa Tanga, Mwanza au Tokyo. Swali la pili, yaani je, hii itarejelezwa, ni swali la mahali: linategemea kama yupo mtu wa kuinunua, kama kipo kiwanda cha kuipokea, na kama nauli ya kuifikisha huko haizidi thamani yake. Mwalimu anayechagua njia bila kujua inajibu swali lipi kati ya hayo mawili hujikuta akipima jambo moja na kutahini jingine.

Mwanafunzi anajifunza nini hasa

Meza ya nambari inafundisha majina na matumizi. Mfumo wa nambari ulianzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili kuwasaidia wachambuaji wa taka kutambua malighafi, na tangu mwaka 2008 unasimamiwa na ASTM International, shirika linaloweka viwango vya kitaalamu. Nambari 1 ni PET, ambayo ni chupa za maji na za soda. 2 ni HDPE, yaani madumu na chupa nyingi za sabuni ya maji. 3 ni PVC, ya mabomba na ya maganda ya nyaya za umeme. 4 ni LDPE, yaani nailoni laini za kufungia. 5 ni PP, ambayo iko kwenye ndoo nyingi, vyombo vya chakula na viti. 6 ni polistirini, ya vijiko vya kutupa na ya maboksi meupe mepesi ya kubebea chakula. Na 7 ni kapu la zote zilizobaki, zikiwemo zilizochanganywa. Kwa mtoto wa darasa la tano, kugundua kwamba kitu alichokiita plastiki kwa ujumla ni familia ya vitu sita au zaidi visivyochanganyika ni hatua kubwa.

Thamani ya meza hiyo huongezeka pale mwalimu anapoweka juu yake vitu visivyo na nambari. Viroba vya unga na mifuko ya salfeti, ambavyo katika mkoa uliojulikana kwa mkonge vimechukua nafasi ya magunia ya katani, ni PP iliyokatwa kuwa nyuzi bapa na kufumwa. Mifuko mbadala iliyoingia madukani baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 huonekana kama kitambaa, na wanafunzi wengi huiweka upande wa nguo, ilhali nayo ni PP. Sahani za melamini ndizo zenye somo zito kuliko yote, kwa kuwa plastiki za nambari 1 hadi 6 huyeyuka zikipata joto na huweza kufinyangwa upya, lakini melamini, kama chungu kilichokwisha kuchomwa tanuruni, hairudi tena kuwa udongo. Ukiipasha joto kupita kiasi itaungua tu. Mwanafunzi aliyeielewa tofauti hiyo amekwisha kuelewa sharti la kwanza la urejelezaji kabla hata neno lenyewe halijatajwa.

Beseni la maji linafundisha sababu, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo njia inayofanywa vibaya mara nyingi kuliko nyingine. Msingi wake ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake. Maji safi yana gramu 1 kwa sentimita ya ujazo. PET ina takriban 1.38, polistirini ngumu ina kati ya 1.04 na 1.06, na PVC ya mabomba inakaribia 1.4, kwa hiyo zote tatu huzama. HDPE ina kati ya 0.94 na 0.97, LDPE kati ya 0.91 na 0.93, na PP kati ya 0.90 na 0.91, kwa hiyo zote tatu huelea. Onyesho lililo rahisi kuliko yote halihitaji zaidi ya chupa moja ya maji ya kunywa: mwanafunzi anaikata vipande, anakata na kizibo chake, anavitupa vyote majini, na vipande vya chupa vinazama huku vya kizibo vikibaki juu. Viwanda vinavyorejeleza chupa hufanya jambo hilohilo katika matangi makubwa, ambamo chupa zilizosagwa huzama na vizibo na pete zake hukusanywa juu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeinama juu ya beseni anafanya kazi halisi ya kiwandani kwa kipimo kidogo.

Ukitaka kuendelea, ongeza chumvi. Maji ya bahari yenyewe, yenye densiti ya takriban 1.025, hayatoshi kuifanya polistirini ielee, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wa pwani wanaoamini kwamba bahari hubeba kila kitu. Lakini gramu 150 za chumvi katika lita moja ya maji hupandisha densiti kufikia karibu 1.1, na hapo polistirini inapanda juu huku PET na PVC zikibaki chini. Kwa upande wa zile zinazoelea, mafuta ya nazi yaliyo katika hali ya majimaji hutenganisha HDPE, inayozama ndani yake, na PP, inayoelea kwa shida. LDPE husitasita katikati, na mwalimu asilazimishe jibu pale ambapo kipande chenyewe hakijaamua.

Makosa ya jaribio hili ni machache lakini huharibu matokeo yote. Viputo vidogo vya hewa hushika kwenye kingo za kipande na kukielesha kisichostahili kuelea. Tone la sabuni ya maji na kukisukuma kipande chini kwa kidole huondoa tatizo. Boksi jeupe la chakula ni polistirini, lakini limejaa hewa, kwa hiyo huelea na kumdanganya mwanafunzi. Na kiti cha plastiki cha bei nafuu, ambacho ni PP, kinaweza kuzama kwa sababu baadhi ya viwanda hutia unga wa mawe ya chokaa ndani ya plastiki ili kupunguza gharama. Mwalimu wa Tanga anaweza kuongeza kwamba ni jamii ya mawe hayohayo yanayosagwa kwa ajili ya saruji kule Pongwe.

Ufukwe unafundisha mwendo wa taka: zinatoka wapi, zinapita wapi, zinaishia wapi. Mto Zigi na Mto Mkulumuzi huingia katika ghuba ya Tanga, na mitaro ya mvua ya mjini huishia huko pia, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuifuata chupa kwa fikra kutoka mlangoni kwao hadi kwenye mikoko. Utaratibu unaotumika katika nchi nyingi ni kupima kipande cha ufukwe chenye urefu wa mita 100 na kuhesabu kila kilichomo, na hesabu hiyo, ikirudiwa mahali palepale wakati wa kaskazi na tena wakati wa kusi, huwapa wanafunzi takwimu zao wenyewe. Kuhusu aina za plastiki, hata hivyo, ufukwe hufundisha kidogo, kwa kuwa vitu vingi vimepauka na kukatika kiasi kwamba nambari haisomeki.

Yadi ya mnunuzi inafundisha lile swali la mahali, na hakuna njia nyingine inayolifikia kwa uzito huo. Anayechambua pale hasomi vitako. Anabonyeza, anagonga, anatazama rangi, na mafungu yake hayafuati nambari za kitabuni. Kwa kawaida chupa za maji zisizo na rangi hutengwa na za kijani na za kahawia, kwa kuwa rangi ikishaingia kwenye plastiki haitolewi. Ndoo, mabeseni na madumu huenda pamoja kwa jina la plastiki ngumu. Nailoni zina fungu lake ikiwa zinanunuliwa. Na pembeni hubaki rundo la vitu ambavyo hakuna anayevitaka. Rundo hilo la mwisho ndilo kitabu cha somo. Mna paketi za biskuti zenye tabaka la plastiki na la alumini zilizogandana, mna maboksi ya chakula ambayo zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za ujazo wake ni hewa, mna vijiko vya kutupa, mna vipande vya bomba la PVC. Kila kimoja kimekataliwa kwa sababu yake, na sababu hizo zikiandikwa ubaoni wanafunzi wamepata sura nzima ya uchumi wa urejelezaji: mchanganyiko usiotenganika, uzito usiolipa nauli, wingi usiotosha, na sumu ya aina moja ndani ya nyingine.

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. PET huyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, na PVC huanza kuvunjika kabla ya kufika huko, ikitoa ile gesi ya asidi niliyoitaja. Kwa hiyo vipande vichache vya PVC vinaweza kuharibu shehena ya chupa safi. Beseni la maji haliwezi kuzitenganisha kwa sababu densiti zao zinakaribiana mno, na ndiyo maana jicho na mkono wa mchambuaji bado vina thamani.

Yadi ni mahali pazuri pa hesabu pia. Chupa tupu ya nusu lita huwa na gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Mwanafunzi akiuliza bei ya kilo siku hiyo, akagawanya, akapata thamani ya chupa moja, ataelewa mwenyewe kwa nini watu huipita chupa moja barabarani na kwa nini mtu mwingine huziokota mia. Tena viwanda vingi vya plastiki viko Dar es Salaam, takriban kilomita 350 kutoka Tanga, na lori lililojaa chupa zisizobanwa linasafirisha hewa kwa gharama ya dizeli.

Vifaa na gharama

Meza haina gharama. Beseni linahitaji mikasi, chumvi na mafuta kidogo, na chumvi ya mashamba ya mwambao si ghali. Ufukwe unahitaji glavu, viroba vya kukusanyia, kamba ya kupimia na, kwa shule isiyo karibu na bahari, usafiri ambao ndio utakaoamua kila kitu. Yadi inahitaji nauli tu, lakini pia inahitaji mapatano ya mapema, kwa kuwa mnunuzi anasimamisha kazi yake kwa ajili ya wageni, na si haki kuchukua asubuhi yake bure; shule ikiwapelekea chupa na madumu iliyoyakusanya, yakiwa safi na yamechambuliwa, ziara inakuwa na manufaa kwa pande zote mbili.

Muda na ukubwa wa darasa

Meza inamalizika ndani ya kipindi cha dakika 40, hata kwa wanafunzi wengi, ikiwa kila kundi la watu wanane lina rundo lake. Beseni linataka vipindi viwili mfululizo na beseni moja kwa kila kundi la wanafunzi sita hivi. Zaidi ya hapo, walio nyuma huona migongo ya wenzao. Ufukwe ni asubuhi nzima, na unastahimili wanafunzi wengi kuliko njia nyingine zote, kwa kuwa mahali ni papana na kazi ya kuhesabu inagawanyika. Unaweza pia kuunganishwa na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao tayari una nafasi katika ratiba ya jamii. Yadi ndiyo yenye masharti magumu: njia kati ya marundo ni nyembamba, mizani ni moja, mwenyeji ni mmoja, na kundi la zaidi ya wanafunzi ishirini humfanya ahutubie badala ya kuonyesha.

Usalama na heshima

Katika meza, jambo la kuangalia ni usafi na historia ya vyombo: chupa zilizowahi kuwa na dawa za wadudu au mafuta ya gari zisiletwe kabisa. Katika beseni, mwalimu akate vile vigumu mwenyewe, hasa bomba la PVC, ambalo hutoa vipande vyenye ncha. Miongozo mingine hupendekeza spiriti badala ya mafuta ya nazi kwa ajili ya kutenganisha zile zinazoelea. Inafanya kazi ikichanganywa na maji kwa uwiano sahihi, lakini inashika moto, na sioni sababu ya kuileta mbele ya wanafunzi wengi ilhali mafuta ya kula yanatosha.

Ufukweni hatari ni za kweli: sindano, vioo, kulabu za wavuvi, jua. Wanafunzi wavae viatu, si kandambili, na kitu chochote cha hospitali kisiguswe bali kiripotiwe kwa mwalimu. Siku za bamvua maji hupwa kwa kawaida katikati ya asubuhi, muda unaolingana na ratiba ya shule, lakini katika pwani hii tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa siku hizo huzidi mita 3, na maji yanaporudi hayamsubiri mtu aliye mbali kwenye mchanga au ndani ya mikoko. Wazazi waarifiwe, na awepo mtu mzima wa mtaa huo anayeyajua maji.

Katika yadi, mbali na vyuma na vioo vilivyochanganyika, kuna jambo la heshima ambalo mwalimu asipolitayarisha litamharibikia. Katika darasa lolote la Tanga inawezekana yupo mtoto ambaye mama yake huokota makopo au kaka yake anasukuma mkokoteni wa chupa, na kicheko kimoja cha wenzake kikimfikia kinatosha kulifanya somo lote liwe la aibu. Mwalimu aende kwanza peke yake, azungumze na mwenye yadi, kisha awaambie wanafunzi wazi kwamba wanakwenda kwa wataalamu: wataingia kwa shikamoo, wataita mama, mzee au kaka kama wanavyoita nyumbani, hawatashika pua, wala hawatauliza mtu anapata shilingi ngapi kwa siku mbele ya wengine. Bei ya kilo iulizwe kwa mwenye yadi, kwa kuwa hiyo ni taarifa ya biashara.

Dhana potofu inayoweza kubaki

Meza huacha dhana kwamba nambari ni cheti cha urejelezaji. Kosa si la wanafunzi peke yao, kwa kuwa alama yenyewe ilizungushiwa mishale mitatu inayofukuzana, nayo husomeka na watu wengi duniani kama ahadi. Mwaka 2013 ASTM iliamua itumike pembetatu ya kawaida badala ya mishale kwa sababu hiyohiyo, lakini mishale bado iko kwenye vitako vya vitu vingi. Nambari inasema kitu kimetengenezwa kwa nini, na inaishia hapo. Nambari 6 inayeyuka vizuri kabisa, na bado boksi jeupe la chakula haliuziki.

Beseni huacha dhana kwamba kutenganisha ndio mwisho wa kazi, kana kwamba kilichokwisha kutambuliwa kimekwisha kurejelezwa. Wanafunzi wenye akili ya kisayansi ndio wanaoangukia hapo zaidi, kwa kuwa jaribio limewapa jibu safi na maisha ya nje ya beseni hayako safi hivyo.

Ufukwe huacha dhana mbili, na ya kwanza ni ya hila. Kinachookotwa ufukweni ni kile kilichoelea. Vizibo, kamba za manila, vipande vya madumu na maboksi mepesi vimejaa mchangani kwa sababu bahari imevibeba, ilhali chupa ya PET hubebwa tu ikiwa kizibo kimefungwa na hewa imo ndani. Ikiingia maji huzama, na haihesabiwi na mtu. Kwa hiyo mwanafunzi anayetumia hesabu ya ufukwe kama picha ya taka zote za Tanga amehesabu nusu ya mambo. Dhana ya pili ni kwamba kuokota ni kurejeleza. Plastiki iliyokaa juani na chumvini kwa miezi imekuwa dhaifu, ina mchanga na uchafu, na wanunuzi huikataa, kwa hiyo viroba vingi vya siku ya usafi huishia dampo. Ni bora wanafunzi waambiwe hivyo kabla ya kupiga picha na viroba vyao.

Yadi huacha dhana kwamba soko ndilo hakimu: kinachonunuliwa ni plastiki njema, kisichonunuliwa ni mbaya. Bomba la PVC lililozikwa ardhini linaweza kufanya kazi kwa miongo kadhaa bila kuwa taka, na chupa ya maji inayonunuliwa imetumika kwa dakika kumi. Zaidi ya hayo, yadi yenye pilikapilika humfanya mtu aamini kwamba karibu kila kitu kinarudi kiwandani. Makadirio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kati ya tani bilioni 8.3 za plastiki zilizotengenezwa duniani hadi mwaka 2015, taka zilizorejelezwa zilikuwa takriban asilimia 9 ya taka zote za plastiki. Na kurejelezwa si kurudi ulivyokuwa: chupa mara nyingi huwa nyuzi au mikanda ya kufungia mizigo, na madumu ya rangi mbalimbali yakiyeyushwa pamoja hutoka na rangi chafu, ndiyo maana mabeseni mengi ya plastiki iliyorejelezwa ni meusi.

Kuchagua kwa mujibu wa hali

Mwalimu wa darasa la tano au la sita mwenye kipindi kimoja na hana fedha anafaa kuanza na meza, mradi aweke juu yake sahani ya melamini na mfuko mbadala, na abakize dakika kumi za kuuliza, kwa kila rundo, ni nani mtaani kwao anayelinunua.

Mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi wake wanasoma densiti na kuelea hana sababu ya kutafuta mbali. Beseni litamtimizia mada ya mtaala na mada ya mazingira kwa mara moja. Atahitaji tu kulinda dakika za mwisho za somo dhidi ya ile hisia kwamba jibu limekwisha kupatikana.

Shule za Mwambani, Sahare au Chongoleani, zenye klabu ya mazingira na bahari ya kufika kwa miguu, zitapata faida kubwa ufukweni, hasa zikikubali kuhesabu mahali pamoja kwa miaka badala ya kusafisha mahali papya kila mara. Shule ya Korogwe au Handeni inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa mita 100 za mtaro wa soko, na huko itaziona chupa ambazo bahari ingezificha.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, hasa wanaosoma biashara au jiografia, ndio wanaostahili yadi, kwa kuwa wanaweza kuuliza maswali ya bei, nauli na ubora bila kuelekezwa. Darasa likiwa kubwa mno, mnunuzi aalikwe shuleni na mizani yake, wanafunzi walete plastiki zao, naye achambue mbele yao na kueleza kila anachokikataa. Hali ya yadi itapotea kidogo, lakini hoja itabaki.

Mwenye nafasi ya njia mbili, mimi ningemshauri aoanishe beseni na yadi, kwa kuwa moja inajibu swali la kemia na nyingine swali la mahali, na kila moja inasahihisha dhana potofu ya mwenzake. Meza na ufukwe ni jozi inayopendwa zaidi kwa sababu ni rahisi kuipanga, lakini zote mbili zinanyamaza kuhusu mnunuzi. Anayelazimika kuitumia jozi hiyo awape wanafunzi kazi ya nyumbani ya kwenda kwa mnunuzi wa makopo aliye karibu na kwao, wamuulize anachonunua, anachokataa na kwa nini, kisha majibu yabandikwe pembeni mwa orodha ya nambari, hata pale yanapopingana nayo.